Nilimkubali kwa Tangazo la Kiingereza

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mwezi huu haujaisha, maana ukiisha nami nimekwisha. Kazi yangu ni kuandika matangazo ya Kiingereza katika ofisi ya baraza la mji, barabara ikifungwa, kiwanja kikigawiwa, mimi ndiye ninayetangaza, ninayetamka, ninayeujulisha umma, na kusema kweli nayapenda maneno hayo, “declare” na kaka yake “proclaim”, mchana jua likipenya kwenye pazia nayaona yanaelea juu ya meza yamevaa suti, nami nasinzia humo humo nikiwa mtu mkubwa. Sasa kuna fundi redio wa mtaa wa nyuma, mpole, nampenda mpaka chai yangu inapoa sijui, na jioni moja alizima redio zote zilizokuwa zikinong'ona pale kibandani kwake, moja moja, akaniuliza, “Nikuoe?” Mshauri, ulimi ukagoma, nikamwambia nitakuandikia, nikaenda nikaandika kwa Kiingereza kile kile cha kazini, natangaza rasmi kwamba nimekubali, na mkono kwa mazoea ukamalizia kama kila tangazo letu, mwenye pingamizi alilete kabla ya mwisho wa mwezi. Nikapiga na muhuri! Nikampelekea, naye kwa kuwa Kiingereza hakijui akampa dada yake amsomee, dada mtu akasema, “Huyu anajitangaza kama kiwanja! Basi mimi ninalo pingamizi.” Fundi naye, nilipopita, aliniambia taratibu, “Nasubiri mwezi uishe. Pengine ulikuwa unatafuta pa kuchomokea.” Tangu hapo maneno yangu yanaelea tu, hata moja halishuki. Je, nimwandikie tangazo la kufuta lile la kwanza?

Mimi, Mwandika Matangazo

MSHAURI ANAJIBU

Binti, weka hiyo kalamu chini. Tangazo la kufuta tangazo? Halafu la tatu la kuomba radhi kwa usumbufu? Nimecheka, kisha nikakuonea huruma, kwa sababu najua ilivyo raha kujificha nyuma ya maneno makubwa. Ukiandika “baraza linatangaza”, hakuna anayeuona woga wako. Lakini fundi hakuliuliza baraza. Alikuuliza wewe, na huo umma unaoujulisha hauolewi naye.

Wifi yako mtarajiwa usimkasirikie. Uliomba pingamizi, kakuletea! Nenda kamsalimie, kaa naye jikoni, mwombe radhi, akuone ulivyo bila muhuri.

Kwa fundi nenda leo, ukitoka kazini, usingoje mwezi wala ruhusa ya mtu. Usibebe karatasi. Ndoto zako za mchana endelea nazo, hazina kosa, ila hili liseme kwa lugha unayoombea maji ya kunywa: nakupenda, nioe. Sauti ikitetemeka iache itetemeke, ndiyo atakayoiamini. Yule mtu alizima redio zote ili akusikie, ukaondoka bila kumjibu. Mara hii zizime wewe.