Zizi la Madut kwenye kompyuta zote

Tisa, uko? Acha kila kitu usome hii. Madut amejimaliza!

Si mudir, bosi wetu, alimpa kazi ya kupanga ile programu ya kuchorea ramani, ili kila mchoro mpya hapa ofisini Thongpiny uanze na fremu moja na nembo ya kampuni?

Sasa badala ya fremu tupu, jamaa akahifadhi mchoro wake wa siri. Akautuma kwa kompyuta zote. ZOTE, Tisa!

Leo kila anayefungua ukurasa mpya anakutana na zizi. Zizi la ng'ombe! Juu yake, herufi kubwa: "NG'OMBE WA MAHARI YA ABUK."

Abuk wetu! Injinia Abuk anayekaa meza ya kando yake, na Madut hajawahi kumwambia hata "umependeza."

Mudir akauliza, "Madut, hii ni nini?" Madut ni "malesh, malesh" tu, anaomba samahani, jasho linamtoka.

Abuk akavuta kiti, akakuza mchoro, akalipima zizi. Walai, akalipima!

Kisha akamgeukia Madut: "Wajomba zangu wakiona zizi dogo hivi watacheka. Panua."