Mtoto Wako Amerudi Upande wa Pili

Dada yangu Habiba, uliyelala nisikofika,

Sadia ameondoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza. Watu wa hapa Garsen wakiniuliza, nawajibu kwa sauti ile ile ninayowaambia wateja kwamba maziwa yamekwisha. Mwanao ana miaka kumi na tisa. Alipanda basi la Garissa asubuhi, nami nikarudi nyumbani nikafua nguo.

Unakumbuka tulivyokuwa tukivuka mto na vibuyu vya maziwa kuwauzia wakulima wa Kipokomo? Mimi nilikuwa na miaka tisa, wewe kumi na minne. Siku moja tulikuta malka, ile njia ya ng'ombe wetu kwenda kunywa maji, imezibwa kwa miiba. Mama Eliza alikuwa amepanda mpunga hadi ukingoni. Abba na kaka zetu walisimama mbali wakiwa na fimbo, na wana wa Mama Eliza walisimama na mapanga. Wewe ulikwenda ukaketi chini, kando ya jembe lake.

"Mama Eliza, ng'ombe wetu wana kiu," ukamwambia.

"Na mpunga wangu una miguu ya kukimbia?"

Ulicheka. Yeye hakutaka kucheka, lakini akacheka. Jioni ile ng'ombe walipita upande mmoja wa shamba, na wakapita hapo hapo hadi mpunga ulipovunwa. Njiani ukaniambia, "Ameona haya kunikatalia nikiwa nimekaa." Nilidhani nchi zote zinaendeshwa hivyo.

Kisha akaja Yusuf, mnunuzi wa ng'ombe, Msomali wa ng'ambo ya mpaka. Abba hakuwa na neno naye ila umbali. "Huko ni nchi ya watu," alisema. Ukamjibu, "Abba, ng'ombe wetu hufika huko kila kiangazi. Mimi sitashindwa." Mkaoana. Kila mwaka ulirudi na malori ya mifugo, mara ya kwanza ukiwa na mimba ya Sadia, halafu ukiwa naye mgongoni, halafu akitangulia mwenyewe kukimbia mlangoni. Mpakani walikuwa wakikuuliza hali ya mvua, basi.

Sijui hasa ni lini mambo yalibadilika. Yusuf aliacha ng'ombe akaingia kwenye uongozi wa jimbo lao. Alikuwa akinipigia simu kwa furaha: "Shemeji, sasa tunajiamulia wenyewe!" Serikali yao kuu haikutaka jimbo lijiamulie. Serikali yetu nayo ilikuwa na upande wake katika ugomvi huo. Halafu nchi zote mbili zikaanza kugombania mstari baharini, kila moja ikisema mstari unapita pale inapotaka yenyewe. Wewe ulicheka kwenye simu. "Wanagombania maji ya chumvi, Asha. Hata ng'ombe hayanywi." Hicho ndicho kicheko chako cha mwisho nilichosikia.

Mpaka ukafungwa. Ulikuwa na mimba ya pili, miguu imevimba, kichwa kinakuuma hadi huoni vizuri, na ulitaka kuja kujifungulia huku kwenye hospitali. Ulinipigia ukiwa kwenye kizuizi cha mpakani.

"Wanasema nirudi. Huyu askari ananionea huruma, lakini anasema si amri yake."

"Keti chini," nikakwambia. "Keti hapo hapo."

"Nimekaa tangu asubuhi, Asha."

Siku ya tisa alipiga Yusuf. Ulikuwa umekwisha zikwa, wewe na mtoto. Abba aliweka simu chini akatoka kwenda kuwatazama ng'ombe, na tangu siku hiyo hadi alipofariki hakulitaja jina la nchi ile. Mimi sikulia. Nilingoja kulia kama mtu anavyongoja chafya, haikuja.

Miezi minne baadaye, wanawake waliokuwa wakipita na mifugo porini walimleta Sadia. Yusuf alisema kule risasi zilikuwa karibu, mtoto akae kwangu kwanza. Alikuwa na miaka sita, nguo zake zimo ndani ya mfuko wa unga. Kiorma chako alikuwa amekisahau, au amekikataa. Kisomali changu kilikuwa cha sokoni. Basi tulikutana kwenye Kiswahili, ambacho hakikuwa cha mama wa yeyote kati yetu. Neno la kwanza aliloniambia lilikuwa "maji". La pili lilikuwa "mama mdogo", na ndivyo alivyoniita miaka kumi na mitatu yote.

Ungempenda, dada. Alikuwa mbishi kama wewe. Mama Eliza, ambaye sasa haoni vizuri, alikuwa akimwita amsomee Biblia, na Sadia akimsomea huku amejifunga hijabu yake, wakibishana juu ya manabii. Shuleni walimpokea kwa barua ya chifu. Alipomaliza kidato cha nne akataka kusomea ukunga. Hakusema ni kwa sababu yako. Sikuuliza.

Chuo kilitaka kitambulisho. Tukaenda kwa kijana mmoja mjini mwenye kompyuta, anayewajazia watu fomu. Akauliza jina la mama. Nikasema, "Habiba. Alifariki ng'ambo ya mpaka. Mimi ni mama yake mdogo."

Akaacha kuandika. "Mama, nikiandika hivyo utahangaika miaka. Wewe umemlea. Toa hilo neno 'mdogo'. Neno moja tu."

Sadia alikuwa amekaa kando yangu. Hakunitazama. Alikuwa akitazama vidole vya yule kijana.

Nikasema hapana.

Nataka nikueleze kwa nini, ingawa yeye nilishindwa kumweleza. Kaburi lako sijaliona. Huna picha nyumbani ila moja, na humo umegeuka. Ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, ambapo mimi nasema huyu ni mtoto wa dada yangu. Niliona nikisema ni wangu, nitakuwa nimekufukia kwa mkono wangu. Basi tukaandika ukweli. Tukaambiwa tulete cheti cha kuzaliwa kutoka kule, halafu wazee wa kumtambua, halafu tungoje. Tulingoja mwaka mzima. Nafasi yake chuoni ikapewa mwingine.

Hakunipigia kelele. Siku moja nikichuja maziwa akaniambia:

"Mama mdogo, huku wananiuliza mama yangu ni nani. Kule wataniuliza baba. Baba yupo."

"Huko hukujui tena, Sadia."

"Huku ninakujua, na hakunijui."

Nikamwambia ana umri wa kujiamulia. Nilijisikia nikisema hivyo. Labda alingoja niseme jambo jingine, kwa sababu alisimama pale mlangoni kitambo kabla ya kwenda kufunga mzigo wake.

Amefika, kwa njia ile ile ya porini aliyoletwa nayo. Aliniandikia ujumbe siku ya tano. Yusuf ana mvi na mke mwingine, mwema. Baadaye akaniandikia kwamba wamempa karatasi bila taabu na anasoma alichokitaka, ila wenzake wanamwita Mkenya, kwa sababu akikasirika anatukana kwa Kiswahili. Amelitembelea kaburi lako. Ameniambia lina mawe na limezungushiwa miiba, na mbuzi hawaingii.

Wiki iliyopita nilikwenda Mombasa kuomba pasi ya kusafiria. Redioni wanasema mpaka utafunguliwa. Wamesema hivyo mara nyingi na kwenye stendi ya Garsen watu huwa wanapiga makofi, kisha kila mtu anarudi kwenye biashara yake. Nilikwenda hata hivyo. Msichana wa dirishani aliuliza maswali yake bila kuinua uso. Jina. Umri. Kazi. Unakwenda kwa nani?

"Kwa mwanangu," nikasema.

Akaandika. Hakuuliza la pili. Ilichukua muda mfupi kuliko kupima lita ya maziwa. Nilisimama pale nikingoja nisikie kitu kifuani, aibu au nafuu au chochote, hata mtu wa nyuma yangu akanigusa bega akaniambia, "Mama, umemaliza."

Nilale salama huku, nawe ulale salama huko, hadi niketi kando yako.

Mdogo wako,
Asha