Waache Malaika

Dada yangu mpendwa,

Pa, pa, pa. Kiganja juu ya kichwa. Sauti hiyo haijanitoka masikioni tangu wiki iliyopita, na ndiyo iliyonikalisha hapa niandike. Lakini nikianza moja kwa moja na hilo utasema shule ilinifundisha kila kitu isipokuwa adabu, kwa hiyo kwanza salamu. Hujambo, Dada? Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado unaipaka, au imekaa dirishani inachua vumbi? Msalimie shemeji, na wote wanaokaa kwenye benchi lako wakisubiri zamu. Sisi huku hatujambo. Mwanao Chiriku ni mzima, anakula, na ameshajua majina ya watu wote wa jengo letu, hata wale ambao mimi huwapita kwenye ngazi bila kuwatazama.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Kwenye simu ungenikatiza kwa utani, nami ningecheka, na tungeagana bila mimi kusema kitu. Tumefanya hivyo mara nyingi sana.

Chiriku alifika kwangu amependeza, hilo lazima niliseme. Ile misuko yake ilikuwa myembamba kama nyuzi, imepandishwa yote juu na kufungwa fundo moja utosini, na mbele mstari umenyooka kama umepigwa kwa rula. Mama wa mlango wa pili alimgeuza mara mbili akauliza ni kazi ya nani. Nilipomwambia ni ya mama yake, akasema mkono huo ungekuwa hapa watu wangekuja na magodoro yao kuusubiri. Sifa hiyo nimekuwekea, ni yako.

Ila mtoto alikuwa kimya. Chiriku huyu unayemjua, anayeongea hata akipiga mswaki. Ukimwita hageuzi shingo, anageuka mwili mzima kama askari wa gwaride. Mezani alikuwa akitafuna polepole, kwa meno ya mbele, kwa sababu akitafuna sawasawa ngozi ya pembeni inavutika. Nilidhani amekukumbuka. Jioni ya siku ya pili nilikuwa napiga pasi sare yangu ya kazini nikasikia pa, pa, pa kutoka chumbani. Nikadhani jirani anakung'uta mto. Nilipochungulia nikamwona amekaa ukingoni mwa kitanda, kitabu magotini, anajipiga kichwa kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga. Nikamuuliza kuna nini. Akaondoa mkono haraka, akaniambia haiumi, mama mdogo, inawasha tu.

Nilisimama pale mlangoni mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Kola ya sare ile haifai tena.

Haiumi, inawasha tu. Dada, hayo ni maneno yangu. Ndiyo niliyokujibu kila ulipoinama kuniuliza kama unanivuta, na mara nyingine niliyasema machozi yameshafika kidevuni, nawe unayafuta kwa upindo wa gauni lako huku unanicheka. Tangu mama aanze kazi ya zamu, kichwa changu kilikuwa mikononi mwako. Nilikaa kwenye kile kigoda chenye mguu mmoja mfupi, magoti yako yamenibana mabega, na huko chini ndiko nilikojifunza kusoma saa, kugawanya kwa tarakimu mbili, na nani mtaani anamdanganya nani. Sijawahi kukaa karibu na mtu kama nilivyokaa karibu nawe siku za kusukwa. Ukimaliza nyuma ulinigeuza uso kwa uso, ukachovya kidole kwenye mafuta na kusema: sasa tuwakamate hawa malaika kabla hawajaruka.

Kwa muda mrefu niliamini ni malaika kweli. Kumbe ni vile vinywele laini vya kwenye ukingo wa paji, ambavyo wasusi wengine huviacha. Wewe hukuacha hata kimoja. Ndicho kilichokupa sifa. Watu walisema ukisukwa na binti yule, hata malaika wanapanga foleni. Ulipofungua saluni kwenye chumba cha mbele hukuhitaji kibao, kwa sababu kibao nilikuwa mimi. Mteja akisitasita uliniita kutoka jikoni, msomi, hebu njoo, ukanishika kidevu na kunigeuza kushoto na kulia kama tikiti sokoni. Nami nilijidai sana. Usidhani nayakumbuka kwa uchungu tu.

Panja zangu zilianza kupanda nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, na wewe ndiye uliyeona kwanza. Ulisema ni maji ya chuo, yana chumvi. Likizo iliyofuata ukasema ni vitabu, vinakula nywele, ndiyo maana maprofesa wote wana vipara. Tulicheka mpaka ukakosea mstari. Nilipoanza kazi kiwandani ukasema ni joto la mashine. Na kila mara dawa yako ilikuwa ileile: kuongeza nywele za bandia na kuanzia msuko mbele zaidi, ili pafunikwe palipopungua. Vile vinywele vichache vilivyobaki ndivyo tulivyovibebesha mzigo wote. Tulikuwa tunaficha tundu kwa kulivuta lipanuke.

Wewe hukujua. Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Huwa unawaambia watu kwamba nashona, lakini kazi yangu ni kukata nyuzi. Nakaa kwenye chumba cha majaribio, nafunga uzi kwenye mashine, mashine inavuta, nami naandika umekatika kwa uzito gani. Uzi mzuri haukatiki kwa kuvutwa mara moja kwa nguvu. Unavutwa kidogo, unaachiwa, unavutwa tena, mpaka siku moja unakatika kwa uzito ambao mwanzoni usingeushtua. Nilikuwa naandika mambo hayo asubuhi huku vipele vimenitoka kwenye ukingo wa nywele kutokana na msuko wako wa Jumapili, na sikuyaunganisha. Au niliyaunganisha nikanyamaza. Nikijichunguza sana sipati jibu linalonipendeza.

Mwishowe nilikwenda kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Kabla hajanigusa aliniuliza nani hunisuka. Nikasema dada yangu, na nikaongeza haraka kwamba ni hodari sana, kana kwamba nimeitwa mahakamani kukutetea. Akasema hana shaka ni hodari, na ndilo tatizo lenyewe. Akanieleza kwa upole. Misuko iwe mikubwa na legevu, isianzie kwenye ukingo kabisa. Isipandishwe juu wala kufungwa fundo. Nywele za bandia niziache, na kama siwezi, ziwe chache na nyepesi. Gundi ya wigi isiguse ngozi. Kati ya msuko na msuko kichwa kipumzike. Msuko ukiuma siku ya kwanza, alisema, usisubiri uuzoee, ufumue siku hiyohiyo, kwa sababu kinachozoea si nywele, ni wewe. Palipobaki vinywele huenda pakarudi. Kwenye panja, ambako ngozi inang'aa kama sahani, alipapasa kwa kidole kisha akasema hapo tusiahidiane.

Nilikuja kwenu nimeshayapanga maneno. Utaikumbuka siku hiyo. Kigoda kilikuwa tayari, na kwenye benchi walikuwa wateja wawili wapya, uliomnyang'anya yule mwenye saluni ya wigi ng'ambo ya barabara. Ukanitambulisha kwa sauti kubwa: huyu ndiye mdogo wangu msomi, mtazameni kichwa. Niliona ulivyowahitaji. Nikakaa. Ulipofika mbele ukainama ukaniuliza kwa sauti ya chini kama inavuta, nami nikakujibu vilevile kama zamani. Mmoja wa wale wateja akacheka, akasema huyu kashazoea. Nilipofika kwangu niliketi mbele ya kioo na kufumua kazi yako yote, msuko mmoja baada ya mwingine, na tangu hapo sijarudi kwenye kigoda kile.

Nilikuambia ni zamu za kazini. Kisha ni mafua. Kisha barabara. Halafu mtu akakueleza ameniona nimejifunga kitambaa, chini yake kuna misuko ambayo si yako, nawe ukanitumia ujumbe: nimesikia una msusi mpya, hongera, msalimie. Sikukukanushia. Nilikutumia kile kikatuni kinachocheka, na wewe hukuandika tena mpaka ulipohitaji mahali pa kumlaza Chiriku likizo hii.

Sina msusi mpya, Dada. Sijawahi kuwa naye. Najisuka mwenyewe, twende kilioni, ile misuko uliyokuwa ukiidharau, mistari michache minene inayokwenda nyuma imepindapinda kama njia ya mlevi. Siku nyingine nasokota misokoto mikubwa na kuiacha ining'inie. Mara ya kwanza kuingia kazini hivyo, mkuu wa chumba chetu aliniuliza kwa huruma nimefiwa na nani. Nikamjibu nimefiwa na nywele za mbele. Alicheka peke yake. Niliona ni afadhali uniite msaliti kuliko nikuambie kwamba mkono ninaoupenda kuliko yote ndio ulioning'oa nywele. Nilijiambia nakuhurumia. Lakini huruma gani inayomwacha mtu agune peke yake, akijiuliza alimkosea nini mdogo wake? Ilikuwa woga, na woga huo ungeishia kichwani kwangu kama usingekuwa na mtoto anayekuja nyuma yangu.

Kwa hiyo jioni ile, baada ya kuchomoa pasi, nilikaa na Chiriku nikamwomba nimtazame. Ukingo mzima ulikuwa na vipele vyeupe vidogo kama punje za mchele, na pale juu ya sikio nywele zimeanza kupungua. Nikamuuliza kama anataka tufumue. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema mama atasema nini, mama kasema isiguswe mpaka shule ifunguliwe. Nikamwambia mama nitamjibu mimi.

Tulianza kesho yake baada ya chai. Nilifungua kwanza lile fundo la utosini, nikasikia akishusha pumzi. Nilikwenda polepole kwa mkia wa kitana, nikianza na upande wa kushoto, na kadiri misuko ilivyofunguka ndivyo maneno yalivyorudi. Aliniambia kuhusu paka wa ghorofa ya chini anayelala ndani ya ndoo, na mwalimu wao wa hesabu anayevaa soksi zisizofanana na kuapa zinafanana. Nikamtania kwamba sasa anaongea upande mmoja tu. Akacheka, na paji lake likakunjika. Dada, paji hilo halikuwa limekunjika tangu afike.

Kisha akapandisha mkono akanigusa panja, pale panapong'aa. Akauliza kama na hapa ni mama aliyenisuka. Ningeweza kusema ni maji ya chuo. Nilisema ndiyo. Akasema basi mama hakujua. Nikasema hakujua, kwa sababu sikumwambia. Hilo ndilo ninalokuomba radhi, kuliko nywele zenyewe: mwanao amelijua kabla yako.

Na kuna jambo jingine, ambalo sitakuuliza kwenye karatasi. Kitambaa chako kinashuka karibu na nyusi. Unapikia nacho, unasukia nacho, unalala nacho. Miaka yote hiyo chini ya mikono yako, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukuona kichwa. Nikija mwisho wa mwezi nitakaa kwenye kigoda kama zamani, nikuonyeshe changu kwanza. Kama bado utataka kunisuka, utanisuka legelege, na mimi nikisema inauma utaniamini, kwa sababu nitakuwa nasema kweli.

Wape salamu wote nyumbani. Mama mkienda kumwona mwambie nimemkumbuka, na shemeji mwambie ile redio yake bado nimeitunza. Mgongo upake dawa.

Chiriku anakuja kesho pamoja na mwenzangu wa kazini, na barua hii ameishika mwenyewe. Kabla hujamkaripia, pitisha kidole juu ya sikio lake. Nimemfumua yote. Nimemfunga mabutu mawili makubwa yasiyovuta popote, na mbele nimewaacha malaika, wamesimama kila mmoja anavyotaka. Nywele za bandia nimeziosha, nimezianika na kuzikunja. Ziko chini kabisa ya mkoba wake, usije ukadhani nimezitupa.

Ni mimi mdogo wako,
kibao chako cha zamani.