Wiki Mliyohesabu Magari

Karakana ya Kuchomelea Vyuma,
Njia Panda.
13 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Shangazi tulimpoteza Jumanne ya tarehe 4 Machi, saa saba kasoro dakika ishirini mchana, mbele ya mlango wa karakana yangu. Baada ya hilo ndipo nakusalimu. Hujambo? Mgongo umepoa? Sisi tunapumua tu.

Kwenye simu ulilia, nikakuficha mengine. Sasa soma. Lori lilimburuta hatua ishirini na saba, nimezipima. Kiatu chake kimoja nilikichomoa kwa nondo katikati ya matairi. Dereva akashuka, akasema, "Bibi mwenyewe kakurupuka." Nikamtandika spana ya mdomo. Meno mawili. Sijutii, ila Shangazi hakuamka.

Fundi rangi, jirani yangu, akanishika mkono: "Kaka, unampasua dereva bure. Matuta ya barabarani kayafuta mdogo wako." Nikamkaba koo. Akanionyesha ripoti yako ya Januari, ya ofisi yenu ya barabara, nikamwachia.

Umeandika barabara yetu imekuwa salama zaidi, matuta tuliyoahidiwa yakapelekwa kwingine. Ajali mwaka juzi kumi na nne, mwaka jana kumi na tisa. Ukazigawanya kwa magari ya siku: elfu tatu mwaka juzi, elfu sita na mia moja mwaka jana. Kutoka karibu ajali tano kwa kila magari elfu, tukashuka hadi tatu. Kugawanya umegawanya sawa. Kilichooza ni ile wiki mliyohesabu magari mwaka jana.

Kisanduku cha kuhesabia magari nilikifunga boliti kwa mikono hii. Wiki ile daraja la juu lilikuwa limefungwa, malori yote yakageuziwa kwetu! Tangu tuzike nimehesabu siku saba, kwa chaki mlangoni: hayazidi elfu tatu na mia mbili kwa siku. Gawanya upya. Karibu sita. Tumepanda, bwana mkubwa. Na aliyetulea sote wawili kwa kufua nguo za watu alikuwa akivuka kwa miguu.

Msalimie shemeji na wale pacha. Mjomba anakusalimu, siku hizi hamalizi sahani. Mungu akutangulie kila uvukapo barabara.

Orodha ya matuta inafungwa Ijumaa tarehe 21. Utaandika kwa mkono wako kwamba wiki ile haifai, au huandiki? Nataka ndiyo au hapana, kabla ya Alhamisi tarehe 20, saa sita mchana. Ukinyamaza, uani nina mabodi saba ya magari yaliyopondeka. Nitayachomelea pamoja katikati ya barabara, uje uyahesabu.

Wako akupendaye, hata leo,
Kaka yako.