Udongo wa Ulaya na Homa ya Selemani

Nachingwea,
Mwanzo wa kiangazi

Kaka yangu Elia,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ingawa moyo bado haujatulia. Mama anaendeleaje na mguu wake? Mtama mlivuna wa kutosha? Na yule ng'ombe wetu mwekundu, alizaa salama? Huku siku zinapita sisikii neno la Mpwapwa, na kila mgeni anayeshuka treni ya kutoka Mtwara namtazama usoni kama huenda ni mtu wa kwetu.

Nimeambiwa vijana wa kwetu walioacha kazi hapa wamekwisha kufika nyumbani, na kwamba wanasimulia habari za mumiani wa Nachingwea na kunitaja mimi kwa jina. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Isome barua hii peke yako kwanza, kaka. Mama usimsomee mpaka umefika mwisho.

Tangu mashamba ya karanga yapunguzwe, sisi tuliokuwa tukifyeka nyuma ya makatapila tulitawanywa. Wengi walirudishwa makwao. Mimi niliwekwa kwenye bustani ya mboga za wagonjwa, nyuma ya hospitali ya kambi, pamoja na mwenzangu Mmwera wa Mbekenyera anayeitwa Selemani. Msimamizi wetu ni mama wa Kizungu ambaye watu humwita Bibi Kofia, kwa kuwa hajaonekana hata siku moja bila kofia yake pana ya ukindu.

Udongo wa bustani ile ni mwekundu, na jua likiupiga unakuwa tofali. Ukimwaga maji yanateleza juu yake na kukimbilia njiani. Mche unakufa kwa kiu huku miguu yako imelowa. Bibi Kofia akachoka kuona nyanya zinakufa, akaagiza magunia ya udongo wa Ulaya. Kusema kweli si udongo. Kwao kuna mabwawa ya baridi ambamo huota majani laini kama zile ndevu za kijani unazoziona kwenye mawe ya kijito. Yanakufa, yanalaliana miaka na miaka, kisha watu huyakata, huyakausha na kuyashindilia kwenye magunia. Gunia kubwa lakini jepesi, unalibeba kama pamba.

Alitufundisha kuuchagua udongo huo. Chota kidogo, uubane mkononi. Ukiona rangi ya kahawia na nyuzi ndefu, huo ni mzuri, utashika maji siku nyingi. Ukiona mweusi unaopukutika kama unga wa makaa, huo umezeeka, usiupoteze kwenye kitalu. Magunia yaliyonyeshewa bandarini yalikuwa yamevunda, tukayaweka kando. Halafu usiutie ardhini mkavu, maana ukiwa mkavu unayakataa maji. Tuliuloweka kwenye pipa kutwa nzima, tukiukanda kwa mikono kama unga wa maandazi, ndipo tukauchanganya na udongo wetu, samadi na majivu kidogo, kwa kuwa wenyewe una uchachu.

Balaa lilitoka kwenye pipa hilo. Maji yaliyobaki yalikuwa mekundu ya kuiva, na bomba wanalochotea maji wanawake wa mtaani liko karibu na ua wetu. Siku moja Bi. Somoe, mama mmoja wa kijiji cha Lionja anayeniuzia muhogo, alisimama na ndoo yake kichwani akatuangalia tunavyokanda.

"Daudi, ni kitu gani hicho?"

"Udongo wa Ulaya, mama."

"Udongo mwepesi hivyo? Unaotoka maji kama hayo?" Akaondoka bila kuniaga.

Siku zile zile mfanyakazi mmoja wa kambi alikuwa amepelekwa Lindi kutibiwa, na gari lililompeleka ndilo lililorudi na magunia yetu kutoka stesheni. Watu wakaunganisha. Ikasemwa kuwa yule bwana amenyonywa damu, kwamba kilichomo ndani ya magunia ni damu ya watu iliyokaushwa, na sisi wawili ndio tunaoikanda iwe dawa. Selemani alipoyasikia aliitoa mikono yake ndani ya pipa, akaiangalia, akasema, "Mimi nina mama." Akavaa shati akaondoka kwa miguu kuelekea kwao.

Nikabaki peke yangu. Muhogo sikuuziwa tena. Nikienda bombani wanawake walivuta watoto wao. Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: hata mimi nilianza kuogopa. Kucha zangu zilikuwa na rangi ile ya kahawia na haikutoka kwa sabuni. Nilikuwa nikiinusa mikono yangu nikijiuliza, je, kama wao ndio wanaojua na mimi ndiye nisiyejua?

Alasiri moja, Bibi Kofia akiwa amekwenda Lindi, wanaume kadhaa waliingia bustanini na mapanga. Mbele yao alikuwa Mzee Lipande, baba yake Selemani. Nyuma yao walijaa watu wa bombani.

"Wewe ndiye Daudi?"

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

Hakuitikia. "Mwanangu amelala hajitambui tangu alipotoka kwako. Mlimtia nini mikononi?"

Nilieleza habari za mabwawa na majani, lakini sauti yangu ilikuwa inatetemeka, na kaka, mtu anayetetemeka haaminiki. Mmoja wao akanishika ukosi wa shati. Hapo ndipo Bi. Somoe alipopenya katikati ya watu.

"Mwacheni kwanza. Nani hapa hajawahi kubabua kuku? Damu na nyama zikiungua sote twaijua harufu yake. Leteni moto."

Ukaletwa moto. Mimi mwenyewe nilifungua gunia jipya mbele yao, Bi. Somoe akachota kwa mkono wake, akauweka juu ya makaa. Haukuwaka kwa ndimi. Ulifuka polepole, ukawa mwekundu pembezoni, na moshi wake ukatuenea sote. Ulinuka kama mabua ya mpunga yanapochomwa bondeni.

"Nyasi," akasema Bi. Somoe. "Nyasi tupu."

"Wazungu hawashindwi kuiua harufu," akasema yule aliyenishika ukosi.

Mzee Lipande alikuwa angali anautazama moto. "Kama ni nyasi," akaniuliza, "mwanangu anaumwa nini?"

"Sijui, baba. Lakini hospitali ni hii hapa."

"Hospitali ambako watu hawarudi."

Nikamwambia, "Twende nikamchukue mimi mwenyewe. Nitakaa naye kitandani mpaka mwisho. Akifa, mtanikuta pale pale."

Sijui nani aliyenitia maneno yale kinywani. Nilitamani kuyarudisha kabla hayajamaliza kutoka.

Mzee Lipande akakubali, tukapanda naye lori la mnunuzi wa ufuta. Tulipotua Ruangwa kupoza injini, habari zilikuwa zimekwisha kutangulia. Watu walifunga milango ya vibanda. Mbekenyera nilimkuta Selemani amekunjamana mkekani, midomo imekauka na macho yana umanjano. Fahamu zilikuwa zimemrudia kidogo, akanitambua.

"Daudi, umekuja kunimalizia?"

"Nimekuja kukubeba."

Nikambeba. Alikuwa mwepesi, kaka, na njia nzima kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja yangu, naye baba yake ameketi mkabala anaiangalia mikono yangu.

Hospitalini walisema ni malaria iliyochelewa. Wakampiga sindano. Mimi upande huu wa kitanda, Mzee Lipande upande ule na panga lake chini ya kiti, maana alikataa kuliacha mlangoni. Kila Selemani aliponyamaza nilimwinamia kusikiliza kama anapumua. Nilisali sala zote nilizofundishwa, na zilipokwisha nikaanza upya. Hatimaye jasho likamtoka kama maji, akafumbua macho, akasema ana njaa.

Mpishi akaleta ugali na bakuli la mchicha. Selemani akaangalia bakuli.

"Mboga hii imetoka wapi?"

Mzee Lipande akageuka kunitazama. Kaka, ningeweza kusema imetoka sokoni. Mpishi asingenikanusha. Lakini nilimwangalia yule mzee, ambaye hakuwa amelala wala kula, nikashindwa.

"Imetoka bustanini kwetu," nikasema. "Kwenye matuta yale ya udongo wa Ulaya."

Alilichukua bakuli mkononi mwa mwanawe. Nilidhani atalitupa. Akachota mboga kwa vidole vyake, akaitia kinywani, akatafuna taratibu, akameza, akatulia kama mtu anayesikiliza tumbo lake.

"Chumvi haitoshi," akasema. Kisha akamega ugali, akachovya, akamlisha mwanawe.

Selemani sasa anatembea kwa fimbo. Amesema akipata nguvu atarudi kazini, lakini udongo wa pipani niuloweke mimi. Bi. Somoe ananiuzia muhogo kama zamani. Hata hivyo wapo ambao wakiniona huvuka njia, na yule wa ukosi wa shati hajaitikia salamu yangu hata leo. Mchicha umestawi, nyanya zimeanza kufunga. Nikiacha kazi sasa nitaonekana nimekimbia, kwa hiyo nakaa, ila nafanya kazi nikiwa nimeelekea langoni.

Nisalimie Mama sana. Msalimie shemeji Roza na watoto, na mjomba Yakobo mwenye mifugo. Mwalimu Tito, jirani yetu, mwombe awaeleze wazazi wa wale vijana mambo haya yote polepole, kwani yeye husikilizwa. Nawe unijibu upesi, kaka, uniambie kama hapo nyumbani mmeniamini.

Mdogo wako akupendaye,
Daudi