Mama, Kodi ya Dubai Idai

Shikamoo Mama. Nimewahi kazini, chai ipo kwenye chupa. Nina furaha utadhani nasafiri mimi.

Huko Dubai, kabla ya kulipa dukani, toa pasipoti useme wewe ni mgeni, unataka kurudishiwa kodi iliyomo kwenye bei; wageni hurudishiwa wakiondoka. Risiti usitupe. Siku ya kurudi, pitia kaunta ya kodi uwanjani kabla ya kukabidhi mabegi, wanaweza kutaka kuviona vitu.

Jana usiku nilipokugusia haya ulisema, "Nikaombeombe kwa watu, mie?" Iliniuma. Si kuomba, Mama, ni hela yako. ~~Ukiona aibu, basi acha.~~ Usiache.

Kila ukisafiri unatununulia sote, mwenyewe unarudi bila chako. Hiyo kodi ikirudi, jinunulie manukato palepale uwanjani. Nikija kukupokea nitakunusa kwanza, ndipo nibebe mabegi.

Kitindamimba wako,
Tusajigwe