Zamu ya Chumba cha Watoto

Ijumaa, 9 Machi 2007

"Hakuna aliyetengwa. Wale yaya wanapenda kukaa na watoto." Maneno ya Bwana Kirimi, mzee wa kanisa letu la Kimethodisti, mimi katibu nikiandika kumbukumbu za kikao kama kawaida. Uongo. Nani aliwauliza? Mwaka mzima wanasikiliza ibada kwa spika ya ukutani, chumba hakina dirisha, wakipangusa kamasi za watoto wa wenzao. Kirimi ni mweusi, Mmeru kama mimi, meneja wa hoteli mtaani Garhoud, huku Uarabuni tulikohamia kikazi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Aliyepinga jambo hili ni mzungu, Mchungaji Wendell. Peke yake.

Jumatatu, 12 Machi

Nimesoma vitabu vingi juu ya ubaguzi. Nimeandika barua kali magazetini tangu usichana. Na orodha ya zamu ya chumba kile ni mwandiko wangu. Majina kumi na moja, yaya watupu. Najichukia.

Mchungaji alipita ofisini kwangu Freezone, eneo la biashara huru. Akanisimulia ujana wake kusini mwa Marekani. Alihubiri kwamba weusi waketi popote kanisani. Jumapili iliyofuata akambatiza mwanawe mbele ya viti vitupu. Hata wakwe hawakuja. Hakujisifu. Alisema tu kwamba harufu hii anaijua.

Ijumaa, 16 Machi

Saa tatu, ibada yetu ya Ijumaa, siku ya mapumziko huku, mimbari tupu. Mchungaji yuko chumba cha watoto, joho kalitundika msumarini, anabadilisha nepi. Yaya wote kawatuma kanisani. Nafula, yaya wa Bungoma, kasimama mlangoni, haingii.

"Mama, madam akiniona nimeketi, kesho niko kwa ndege ya nyumbani."

Nikamketisha kando yangu. Madam wake, mwajiri, aligeuka kututazama mara mbili.

Kirimi alikwenda kumwita mchungaji, akarudi peke yake. Jibu: atahubiri siku wazee nao watakapoingia zamu. Mzee mmoja akanong'ona kwamba hatimaye mzungu amepata kazi inayomfaa. Wakacheka. Kanisani!

Alhamisi, 22 Machi

Kikao. Kanisa ndilo kafeel wake, yaani mdhamini, kwa hiyo visa yake iko mikononi mwetu.

"Khalas, imetosha," alisema Kirimi. "Amezeeka. Apumzike kwao."

Kura nane dhidi ya yangu. Sita kati ya wazee hao nane ni Waafrika. Wakaniamuru niandike kwamba amestaafu kwa hiari. Nimeandika amefukuzwa. Nafula amekatazwa na madam wake kuja kanisani. Kinyaa kitupu.

Ijumaa, 30 Machi

Aliondoka jana. Nilimsindikiza uwanja wa ndege. Hakulalamika. Aliuliza habari za Nafula, nikamwambia amekatazwa kuja.

Leo nimekaa mimi chumbani na watoto tisa. Mmoja amelala begani mwangu nikiandika haya. Mlangoni nimebandika orodha mpya. Hakuna yaya hata mmoja.

Ninyi wazee wanane, ingieni zamu. Kirimi, wewe ndiwe wa kwanza, Ijumaa ijayo, saa tatu. Nawe madam wa Nafula, mrudishe. Umketishe kando yako.